Kadi za Barbara Brackman

Mwaka 1863, Marekani ikiwa katikati ya vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, Jane Stickle wa Shaftsbury, jimbo la Vermont, alimaliza kushona mfarishi wa viraka. Kwenye pembe moja aliandika jina lake, mwaka, kwamba kazi hiyo ilifanyika wakati wa vita, na idadi ya vipande vya kitambaa vilivyoingia humo: 5,602. Mfarishi wenyewe una miraba 169, kumi na mitatu kwa kumi na mitatu, kila mmoja ukiwa na mchoro wake. Mtu mwenye subira ya kushona michoro 169 tofauti angesamehewa kama angeishia hapo. Yeye aliketi akahesabu. Leo kazi hiyo inahifadhiwa Bennington Museum, huko huko Vermont, na kwa kuwa mwanga hula rangi ya pamba, hutolewa kuonyeshwa kwa wiki chache tu katika mwaka.

Mfarishi wa aina hii una tabaka tatu: uso uliounganishwa kwa viraka, pamba ya kujazia katikati, na bitana upande wa chini. Tabaka hizo hupigwa bandi zisiteleze, kisha hudariziwa pamoja kwa mishono midogo inayopenya zote tatu. Fundi hodari wa mkono huweka mishono minne ndani ya sentimita moja, na mfarishi wa kitanda cha watu wawili ni mita nyingi za mishono hiyo. Kazi hii husifiwa sana kwa rangi zake na kwa wingi wa saa zinazomezwa nayo, na inastahili. Ninayetaka kumsifu hapa, hata hivyo, ni fundi wa aina nyingine, yule anayezipanga ruwaza zijulikane ni zipi, na anayeandika kilichoshonwa, na nani, wapi, lini. Mifarishi mingi ya karne ya 19 imetufikia ikiwa bubu. Imepewa majina mapya, imehamishwa na wajukuu kutoka jimbo hadi jimbo, imeuzwa minadani pamoja na vyungu. Aliyeishona hajulikani.

Tuanze na ruwaza. Zamani zilisafiri kwa mkono. Mwanamke aliyeona mraba mzuri kwa jirani alikwenda nyumbani akashona mmoja wa mfano kwa vitambaa vya kuokoteza, akautia kapuni, na huo ukawa ndio kumbukumbu yake. Mwaka 1835 gazeti la akina mama la Philadelphia, Godey's Lady's Book, lilichapisha maelekezo ya viraka vya pembe sita, na huo ni miongoni mwa michoro ya mwanzo kabisa ya viraka kuchapishwa nchini humo. Biashara yenyewe ilikuja baadaye. Kampuni ya Ladies Art ya St. Louis, iliyoanza mwaka 1889, ilipeleka ruwaza kwa posta. Mteja alipewa katalogi yenye vijichoro vidogo vidogo, kila kimoja na namba yake, akachagua, akatuma senti zake, akaletewa bahasha yenye kigezo cha kukatia. Kufikia mwaka 1898 katalogi hiyo ilikuwa na ruwaza zaidi ya 400.

Kisha magazeti yakaingia. Tarehe 22 Septemba 1928 gazeti la Kansas City Star lilichapisha ruwaza ya mti wa msonobari iliyochorwa na Ruby Short McKim, na likaendelea hivyo hadi mwaka 1961, ruwaza zaidi ya 1,000. Wasomaji wa mashambani walizikata kwa mkasi, wakazibandika madaftarini au kuzijaza kwenye makopo ya biskuti. Karatasi ya gazeti haikutengenezwa ili idumu. Inageuka manjano, inakauka, kisha inakatika pale ilipokunjwa, na mara nyingi sehemu inayokatika kwanza ni ile yenye tarehe.

Hapo ndipo mkorogano ulipokolea, kwa sababu kila mchapishaji alijipa uhuru wa kubatiza. Ruth Finley, katika kitabu chake cha mwaka 1929 kuhusu mifarishi ya kale, alionyesha jinsi mraba mmoja ulivyobadilika jina kadiri ulivyohama: mahali pengi ni Unyayo wa Dubu, Long Island ni Mguu wa Bata Matopeni, na kwa Waquaker wa Philadelphia ni Mkono wa Urafiki. Mchoro ni ule ule. Upande wa pili lipo jina moja lenye michoro mingi: Kumwibia Petro Umlipe Paulo limetumiwa kwa karibu kila ruwaza ambayo rangi mbili hupokezana nafasi. Sasa mpe mtu kazi ya kutunza picha elfu moja za miraba kwa mpangilio wa alfabeti. Bata ataingia sehemu moja, dubu sehemu nyingine, na mraba mmoja utakuwa mitatu.

Wa kwanza kuishika shida hii kwa mikono miwili, kwa maana halisi, alikuwa Carrie Hall, mshonaji nguo wa Leavenworth, Kansas. Aliazimia kushona mraba mmoja wa kila ruwaza aliyoweza kuipata. Bila shaka hakuzimaliza, maana ruwaza mpya zilikuwa zikitoka magazetini kila wiki, lakini alishona zaidi ya 800. Mwaka 1935, pamoja na Rose Kretsinger, alitoa kitabu kilichoonyesha picha za miraba hiyo, kisha miraba yenyewe akaikabidhi Chuo Kikuu cha Kansas, ambako sasa iko Spencer Museum of Art katika mji wa Lawrence. Ni maktaba ya kitambaa. Ukiitazama picha baada ya picha unaona kasoro ya mpango wake: Hall alikuwa mkusanyaji wa majina. Mraba aliupanga kwa jina alilolipokea, na jina ndilo lililokuwa gonjwa.

Barbara Brackman, mwanahistoria wa mifarishi anayeishi katika mji huo huo wa Lawrence, ndiye aliyeupata ufunguo, na nadhani aliupata kwa sababu alijiuliza swali la mtu aliye mlangoni akiwa na mfarishi mkononi. Mtu huyo hana jina. Ana kitu mbele ya macho yake, na anataka kujua kinaitwaje. Faharasa ya majina haimsaidii hata kidogo, sawa na kamusi isivyomsaidia anayeijua maana ya neno asilijue neno lenyewe. Anachohitaji ni njia ya kuingia kwa kutazama tu. Kwa hiyo Brackman alianza kuchora kila ruwaza kwenye kadi, akizipanga kadi zake kwa namna mraba ulivyogawanyika na mishono ilivyopita.

Njia yake mtu anaweza kuijaribu kwa leso. Ikunje katikati, mara moja kila upande, uikunjue: una vyumba vinne. Ikunje kwa tatu kila upande: vyumba tisa. Kwa tano, vyumba ishirini na vitano. Kwa saba, arobaini na tisa. Ruwaza nyingi mno za miraba, hata zile zinazoonekana kama vurugu ya pembetatu, zinakaa juu ya moja ya migawanyo hiyo. Unachopaswa kufanya ni kusahau rangi, kwa kuwa rangi hudanganya, na kuutafuta mshono mrefu unaokwenda kutoka ukingo hadi ukingo. Unyayo wa Dubu, kwa mfano, una nyayo nne pembeni, kila mmoja ukichukua vyumba vitatu kwa vitatu, na kati yake unapita msalaba mwembamba wenye upana wa chumba kimoja. Tatu na moja na tatu ni saba. Basi umefika kwenye kundi la saba, ukiwa hujasema habari ya dubu wala ya bata.

Zipo zisizokaa kwenye vyumba, nazo akazipa makundi yake: uso mzima uliojengwa kwa umbo moja linalorudiwa, kama zile pembe sita za mwaka 1835, mistari mirefu, magurudumu na feni, nyota za ncha nane, picha za kueleweka kama vikapu, nyumba na miti. Kazi za kubandika na kushonea juu ya kitambaa alizitenga kabisa, akaziandalia kitabu chake. Ndani ya kila kundi ruwaza imepewa namba, na chini ya namba yamepangwa majina yote yaliyowahi kuchapishwa, kila jina likiwa na chanzo chake: gazeti gani, katalogi gani, mwaka gani pale mwaka ulipopatikana.

Alianza kuichapisha kazi hiyo mwenyewe, juzuu kwa juzuu, kuanzia mwisho wa miaka ya 1970. Mwaka 1993 American Quilter's Society ikaitoa kama kitabu kimoja kinene chenye ruwaza zaidi ya 4,000, na toleo la tatu likatoka mwaka 2020. Kampuni ya Electric Quilt iliigeuza kuwa programu ya kompyuta iitwayo BlockBase, ambayo humpa mshonaji vigezo vya kukatia kwa ukubwa wowote autakao. Siku hizi mtaalamu akiuelezea mfarishi kwa maandishi huweka namba ya Brackman pembeni ya jina, na mwenzake aliye nchi nyingine anajua bila kuuliza ni mraba upi.

Kuna watu wanaoona namba kuwa kavu, kwamba zinaua utamu wa yale majina ya bata na dubu. Mimi naona kinyume. Mtu asiye na namba hulazimika kuchagua jina moja na kuyaita mengine makosa. Brackman hakulifuta hata moja. Aliyaweka yote kwenye kadi moja, kila moja na cheti chake cha kuzaliwa, na hakutawaza mshindi. Huo ni unyenyekevu wa kitaaluma unaohitaji ujasiri, kwa kuwa soko la mifarishi hupenda jibu moja.

Tena kadi hizo zimefanya kazi ambayo pengine mwenyewe hakuitarajia alipozianza. Mwaka 1999 kilitoka kitabu kilichodai kwamba watumwa waliotoroka kwenda kaskazini waliongozwa na mifarishi iliyoanikwa uani, kila ruwaza ikiwa ishara: sasa jiandae, sasa ondoka, sasa pita huku. Hadithi tamu sana. Ilisomwa mashuleni, ikaingia makumbusho. Wanahistoria waliipinga kwa sababu kadhaa, na mojawapo ilikuwa sanduku la kadi. Pete Mbili za Ndoa, moja ya ruwaza zilizotajwa katika siri hiyo, haina chapisho linalojulikana kabla ya mwaka 1928, zaidi ya miaka 60 baada ya utumwa kukomeshwa. Ni kweli kwamba tarehe ya kuchapishwa si lazima iwe tarehe ya kuzaliwa. Ruwaza inaweza kuishi miaka mingi kapuni kabla ya gazeti kuiona. Lakini mwenye kudai kwamba ilikuwepo ndiye mwenye kuleta mfarishi wenye mwaka, na hakuna aliyeuleta. Mwaka 2006 Brackman aliandika kitabu kizima kuipembua habari hiyo, kwa upole kuliko ambavyo mimi ningeweza.

Ruwaza ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni mifarishi yenyewe, iliyokwisha kushonwa, na hapa jimbo la Kentucky ndilo lililofungua njia. Mwaka 1981 kikundi cha watu wa huko kilianzisha mradi wa kuisajili mifarishi ya jimbo lao. Wazo lilikuwa jepesi. Tangazo linatolewa kwamba siku fulani, katika ukumbi fulani wa mji, kila mwenye mfarishi wa zamani aulete. Watu walikuja nayo kwenye mifuko, kwenye foronya, mingine ikiwa imetolewa chini ya godoro. Majimbo mengine yakaiga, karibu yote.

Utaratibu wa siku kama hiyo unapendeza kuuelezea. Mfarishi hutandazwa mezani juu ya shuka safi, mtu asiye na pete wala bangili akiwa ndiye wa kuugusa. Hupimwa urefu na upana. Hupigwa picha mbele, na pia nyuma, kwa kuwa bitana husema yale ambayo uso umeficha: magunia ya unga yenye chapa ya kinu ambayo haijafutika, shuka kuukuu, mshono wa kuunganishia unaoonyesha upana wa kitambaa cha kiwandani. Mishono huhesabiwa. Ruwaza hupewa namba. Kando, mtu mwingine anakaa na mwenye mali na kumuuliza: nani alishona, alizaliwa wapi, alihamia hapa lini, mfarishi ulikufikia kupitia kwa nani. Jibu la "wa bibi" halimalizi kazi, kwa maana kila mtu ana bibi wawili.

Kisha vinasomwa vitambaa. Brackman alitoa kitabu juu ya hilo mwaka 1989, na kimewafundisha wengi kukadiria umri kwa rangi na chapa. Kanuni yake ya msingi ni kwamba mfarishi hauwezi kuwa mkongwe kuliko kipande chake kichanga kabisa. Mtu huona kitambaa kimoja cha mwaka 1840 akashangilia. Mtaalamu hutafuta kile cha mwaka 1880 kilichojificha pembeni. Kadhalika ipo imani kwamba vipande vya mbegu za pamba vinavyoonekana ukiuinua mfarishi dhidi ya mwanga ni ushahidi wa zama za kabla ya mashine ya kuchambulia pamba. Si ushahidi. Mashine hizo ziliacha mbegu, na pamba ya bei nafuu iliendelea kuwa na mbegu muda mrefu baadaye. Kahawia nayo ina mambo yake: rangi za kale zilizotiwa chuma huila pamba polepole, hivyo unaweza kukuta mfarishi mzima una afya ila viraka vya kahawia vimepukutika vyote.

Yaliyokusanywa na miradi hiyo, pamoja na ya makumbusho, sasa yanapatikana kwa wingi katika hifadhi ya mtandaoni ya Quilt Index, iliyofunguliwa mwaka 2003 na inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Michigan State. Huko Lincoln, Nebraska, kuna International Quilt Museum, iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa zawadi ya mifarishi karibu 1,000 kutoka kwa Ardis na Robert James. Sitayaorodhesha mengine.

Kama kuna mtu anayedhani kwamba kuandika ni kazi ya pembeni, na amfikirie Harriet Powers. Alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Baada ya kuwa huru alishona mfarishi wa picha za Biblia, fremu kumi na moja, watu na wanyama wakiwa wamekatwa kwa kitambaa na kushonewa juu yake, akauonyesha katika maonyesho ya pamba mjini Athens mwaka 1886. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, aliuona akataka kuununua, Powers akakataa. Miaka michache baadaye, hali ya maisha ilipombana, alikubali kuuachia kwa dola 5. Ninachomshukuru Smith si hizo dola, ambazo zilikuwa nusu ya bei aliyotajiwa. Namshukuru kwa kuwa aliketi akamwomba Powers amweleze fremu moja baada ya nyingine, na akaandika. Bila maandishi yale tungekuwa na picha nzuri za kubahatisha. Mfarishi huo uko Smithsonian.

Wa pili uko Boston, Museum of Fine Arts, wenye fremu kumi na tano, na huu unazidi kuonyesha thamani ya maelezo. Katika fremu moja nyota zinaanguka na watu wametishika. Maelezo ya Powers yaliyohifadhiwa yanasema ni usiku wa tarehe 13 Novemba 1833, mvua ya vimondo iliyoonekana kote Marekani, ambayo yeye mwenyewe aliisikia tu kwa waliomtangulia. Fremu nyingine ni giza la mchana la tarehe 19 Mei 1780. Mwanamke aliyetoka utumwani alikuwa akiweka kumbukumbu ya anga. Mwaka 2009 mtafiti Kyra Hicks alichapisha kitabu kilichotoa habari za barua ya Powers, inayoonyesha kwamba alijua kusoma na kuandika na kwamba alishona mifarishi mingine zaidi ya hiyo miwili. Mingine haijaonekana. Huenda iko juu ya kitanda cha mtu asiyejua alicholalia.

Haki inataka niseme pia mahali ambapo kadi zinashindwa. Gee's Bend ni kijiji kilichozungukwa na mto Alabama kwa pande tatu, na wanawake wake, wazao wa watumwa wa shamba moja la pamba, wameshona kwa vizazi mifarishi isiyoombwa ruhusa na kigezo chochote. Wana ruwaza wanayoiita Paa la Nyumba, miraba ndani ya miraba, lakini mkono wa kila mshonaji huipindua: ukanda unapanuka ghafla, rangi inakatizwa, pembe inakwenda upande kwa sababu kitambaa kiliishia hapo. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika wa Freedom Quilting Bee, wakaanza kupokea oda za maduka ya mbali zilizotaka kila kitu kilingane, na mwaka 1972 wakapata kazi ya kushonea kampuni ya Sears foronya za kodrai. Mabaki ya kodrai hiyo yaliingia kwenye mifarishi ya nyumbani, nayo ndiyo mizuri. Maonyesho ya mwaka 2002, Houston, yaliipeleka dunia nzima, na mwaka 2006 ikatiwa kwenye stempu za posta.

Ukitaka kuitia namba utaweza: Paa la Nyumba lina ndugu zake kitabuni. Lakini namba itakueleza mifupa, na hapa watu wanakuja kutazama mwendo. Vivyo hivyo kwa Wasiddi wa Karnataka, India, wazao wa Waafrika waliopelekwa huko kwa utumwa na biashara kuvuka Bahari ya Hindi, wengine wakitoka pwani yetu hii. Mfarishi wao, kawandi, hauna miraba hata kidogo. Mshonaji huanza pembeni na kuzunguka ukingo, akiweka kiraka juu ya kiraka na kudarizi papo hapo, hadi mizunguko ikutane katikati. Pembe nne humaliziwa kwa vipande vidogo vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua, na usipoviweka wataalamu wa huko watakuambia mfarishi wako uko uchi. Utaugawa vipi mraba ambao haupo? Kwa kazi kama hizi kinachobaki ni ile nusu ya pili ya uandishi: nani, wapi, lini, kwa ajili ya nani.

Na nusu hiyo haihitaji chuo kikuu. Mafundi cherehani wetu wanaijua tangu zamani. Fundi wa mtaani anapopokea kitenge cha mteja huandika vipimo kwenye daftari, hukata kijipande cha kitambaa hicho pembeni na kukibana kwenye ukurasa, ili shingo ya sentimita 36 isije ikakutana na nguo ya mtu mwingine. Tatizo ni kwamba daftari hilo huisha kazi siku nguo inapochukuliwa. Kanga nayo imezaliwa na maandishi yake. Za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zimebeba maneno Mali ya Abdulla miongo na miongo, kiasi kwamba mtu anayeshika kipande kilichochanika bado anajua duka kilikotoka. Lakini kikapu cha ukili, kofia ya vito iliyochukua miezi, kitambaa cha mezani alichofuma mama kwa kroshia, vyote hutoka mikononi bila jina, na fundi wake akiondoka ameondoka nalo.

Daftari la mshona mifarishi makini huwa na ukurasa mmoja kwa kila kazi. Humo huandika jina la ruwaza na namba yake kama ipo, alikoipata, ukubwa uliokamilika, aina ya pamba ya kujazia, uzi, siku aliyoanza na siku aliyomaliza, na kila kitambaa hukata kijipande akakibandika kwa gundi kavu. Hubandika picha ya mfarishi mzima na nyingine ya karibu. Huandika ulikokwenda: zawadi ya harusi kwa nani, au uliuzwa kwa nani na kwa kiasi gani. Wapo wanaoandika na makosa, kwamba mraba wa mstari wa tatu uliwekwa kichwa chini. Vigezo vyake hukaa kwenye bahasha, jina na ukubwa vikiwa nje, na kila kipande kimeandikwa ni vingapi vya kukata, kwa sababu kigezo kisicho na maelezo ni kipande cha karatasi ngumu tu.

Daftari peke yake halitoshi, maana daftari na mfarishi huachana. Mfarishi nao lazima ujieleze wenyewe. Njia ya kawaida ni kibandiko cha pamba kilichoshonwa upande wa nyuma, kwenye pembe ya chini. Wenye tahadhari hukishona kwenye bitana kabla ya kudarizi, ili mishono ipenye humo na asiwepo wa kukitoa bila kuuharibu mfarishi. Wino ndio wa kuangalia. Wino wa zamani wa chuma uliozesha kitambaa, na ipo mifarishi ya karne ya 19 ambayo jina limebaki kama tundu lenye umbo la herufi. Kalamu ya leo isiyotoka kwa maji inafaa, ikikaushwa kwa pasi, na uzi unafaa zaidi.

Kwa hiyo, kama unashona, unafuma au unasuka chochote, au mama yako ndiye anayefanya hivyo sebuleni hivi sasa, tafuta daftari leo. Mwulize jina la ruwaza, aliyemfundisha, na mwaka. Kisha geuza kazi upande wa nyuma na umshauri aandike jina lake kamili, mahali na tarehe, kabla haijatoka nyumbani.